Valvu ya Miguu Tisa

Chumba cha nyuma,
Nyumbani kwa dada yako,
9 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Vipi mkono? Umepunguza kutetemeka, au bado mkaza mjomba ndiye anayekuandikia? Barua zake zina adabu mno. Nazikosa zile zako za kunigombeza. Sisi wazima, isipokuwa goti la mama, linalotabiri mvua kila siku na kukosea.

Sasa nakiri kosa: nimeifungua amplifaya yako. Najua uliniachia niisikilize, si niipasue. Ila ile valvu ya kutolea sauti, chupa kubwa ya miguu minane, imekufa, na fundi redio wa hapa hajaona nyingine miaka nenda rudi. Alikuwa na nyembamba tu, ya miguu tisa. Nikajiuliza, hivi hii haiwezi kufanya kazi ya ile? Unanijua, swali likinikaa kichwani hata chai haipiti.

Kumbe inawezekana! Yataka soketi nyingine, rizista nyingine ya kuzuia umeme usizidi, na umeme zaidi wa kuipasha moto. Hofu yangu ilikuwa ile transfoma ya sauti uliyoizungusha waya mwenyewe, mzunguko baada ya mzunguko. Valvu tutatafuta. Transfoma ile ikiungua, nani ataizungusha tena?

Nikachora miguu yote tisa kwenye karatasi, nikalehemu siku mbili. Nilikuwa nimeshashika plagi mama alipoingia kutafuta mkasi wake. Akautazama mchoro.

"Hapa umechora upande wa juu au wa ndani?"

"Wa juu, mama, kama valvu inavyosimama."

"Na nyaya umeziunga upande gani?"

"Wa chini."

"Basi umeshona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto."

Mjomba, niliiachia plagi. Miguu huhesabiwa kutoka chini! Nilikuwa nimeigeuza yote, na umeme ungepita mahali pasipo pake mpaka uiunguze transfoma yako. Mama hajui valvu ni mdudu gani, lakini yeye ni fundi cherehani, na kila siku anashona nguo kwa ndani. Mimi na vitabu vyangu vyote sikuliona kosa hilo.

Nikafumua, nikaunga upya. Jana mchana tukawasha. Niliweka kiganja juu ya transfoma nusu saa nzima, ikawa vuguvugu tu. Sauti imekuwa kali kidogo kuliko zamani, na ngoma zinasikika karibu zaidi. Kwa nini? Ni valvu yenyewe, au ni rizista niliyochagua? Tafadhali nijibu, hata kwa matusi.

Baba anakusalimu, na fundi redio pia, ingawa bado haamini. Nibusie mapacha wenu, na umwambie mkaza mjomba namshukuru kwa mwandiko wake. Mola akupe afya na subira ya dawa.

Mama, unavyomjua alivyo mgumu wa kusifu, alikaa kwenye kigoda mpaka wimbo wa mwisho. Kisha akanituma nikuandikie hivi, neno kwa neno: "Mwambie kaka yangu mkono wake uko hapa, na hautetemeki."

Mpwa wako akupendaye,
Bibi Kwanini