Si Muthokoi, Mwanzia

Rafiki yangu Mwanzia,

Simu yako inaita tu bila kushikwa, ndiyo maana nimeandika hapa mtandaoni, wazi. Yeyote anayekujua na akubishie mlango.

Unakumbuka ile Julai tulipopanda vilima vya Iveti tukajifanya watu wa porini? Ulikataa kubeba kiberiti. Ukasugua vijiti mpaka viganja vikachubuka, kisha ukaniuliza kwa upole, "Kwani wewe hukubeba?" Nilikuwa nimebeba, maana nakujua. Halafu badala ya nyama ukatoa muthokoi, mahindi na maharagwe ya kuchemka nusu siku, na ukungu umetufunika tangu asubuhi. Nilikucheka, lakini tuliimaliza.

Manyunyu yalipoanza, yale makaa mengi yaliyobaki uliyachota kwa sufuria, ukayaingiza ndani ya hema na kufunga zipu. Nikakuuliza kama ni salama.

"Hayatoi moshi, bwana. Haina shida."

Joto lilikuwa tamu kweli. Ulikuwa ukipiga hadithi, ukanyamaza katikati ya neno. Kichwa kilikuwa kinanigonga, nikatoka kwa magoti kutafuta maji, na nilipokuita hukuitika. Nilikuvuta miguu hadi kwenye nyasi baridi. Nilikupiga makofi huku nikilia, sioni haya kusema. Mwishowe ulitapika, ukafungua macho, ukasema, "Hiyo muthokoi haikuiva." Tulicheka njia nzima tukishuka, na tangu siku hiyo tumelaumu chakula.

Leo asubuhi nimemsimulia muuguzi mmoja hapa Masii kisa hicho kama mzaha. Hakucheka. Ameniambia makaa yana hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, na mkijifungia nayo inawalaza msiamke.

Tangu hapo nakupigia bila kukoma, kwa sababu ya uliyoniambia jana kwa simu kutoka Kinangop: "Huku baridi inauma, lakini tuko na jiko ndani. Mtoto analala vizuri sana, siku hizi hata halii." Nami nikakupongeza. Mungu wangu, nilikupongeza!

Naogopa, Mwanzia. Naogopa kupiga tena, na naogopa kuacha kupiga.

Toa jiko nje. Fungua mlango na madirisha, hata baridi iwe kali namna gani. Kisha mwamshe mtoto. Mfinye ikibidi, alie, halafu unipigie nimsikie.

Ni mimi rafiki yako,
baba mdogo wa huyo mtoto.