Namba Moja ya Duara Zima

Jumapili, Kambarage. Jua la leo linachoma na vumbi limeingia mpaka kwenye sufuria. Sijaenda kanisani. Kwa hasira niliyonayo ningemnunia hata padri.

Nimemkasirikia msimamizi wangu wa chuo. Lakini nikisema ni yeye tu, nitakuwa mwongo.

Nasoma shahada ya uzamili ya mifumo ya taarifa za afya. Kwa ajili ya utafiti niliandika programu ndogo ya kusafisha orodha ya wagonjwa wa kifua kikuu katika zahanati moja upande wa Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu. Inafuta majina yaliyojirudia, kisha mfumo unawatumia waliobaki ujumbe wa kuwakumbusha siku ya dawa. Kanuni niliyoiweka ni ile ya darasani: namba moja ya simu, mtu mmoja.

Ijumaa nilikwenda kuchukua matokeo. Nesi akaniambia wachimbaji wa duara moja, yaani wanaochimba shimo moja, wameacha kuja kuchukua dawa. Tukawafuata huko huko shimoni kwao.

Anayewapikia ni Mama Neema. Nikamwamkia, akaitikia, akaendelea kusonga ugali. Simu za wachimbaji leo zipo, kesho zimeuzwa au zimetumbukia shimoni, kwa hiyo kule zahanati wote huandikisha namba yake. Wagonjwa kumi na mmoja.

"Zamani ujumbe ukiingia nawaita kwa majina, wewe na wewe, kesho dawa," aliniambia. "Siku hizi naletewa wa Masanja peke yake. Nikasema basi, wenzake wamemaliza."

Watu kumi na mmoja, na programu yangu ikawafanya mmoja.

Mmoja wa wale kumi waliofutwa, Shija, tulimkuta nyuma ya banda la Mama Neema, amelala juu ya magunia, anakohoa huku ameshika mbavu. Nilitamani anitukane. Hakunitukana.

"Dokta, mimi nilijua nimepona," alisema. "Si ningeitwa?"

Mimi si daktari hata kidogo. Nesi alimpakia kwenye bodaboda, akapimwa upya na kurudishiwa dawa. Mimi nikabaki zahanati nikiyarejesha majina kumi kwa mkono.

Jana nikampigia msimamizi nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho. "Andika kwenye mapungufu ya utafiti," akasema. "Sentensi moja inatosha. Orodha yako ni safi, usiichafue sasa."

Sentensi moja! Shija ana mke na watoto wanne Ushirombo, amekaa wiki kadhaa bila dawa kwa sababu yangu, halafu nimkunje kwenye sentensi moja ukurasa wa mwisho ambao hakuna anayeusoma. Nilikata simu bila kuaga. Sijawahi kumfanyia hivyo mtu mzima.

Ila ngoja niseme na langu.

Nimekulia nyumba hii hii. Kadi ya kliniki ya mama yangu iliandikwa namba ya jirani yetu, Mama Rehema. Fomu zangu za shule, namba ya Mama Rehema. Nyumba nne tulikuwa na simu moja, na akiitwa mtu, tunatumwa kukimbia kumwita. Hakuna aliyehitaji kunifundisha hilo. Nilikaa mbele ya kompyuta nikajifanya sijui nilikotoka, kwa kuwa kanuni ya darasani ilikuwa rahisi kuandika na orodha ilitoka inapendeza.

Hiyo sentensi moja msimamizi hataipata. Duara lile litakuwa sura nzima ya tasnifu yangu, na kama nitachelewa kuhitimu, nichelewe.

Kesho asubuhi, kabla sijagusa kompyuta, nitampigia Mama Neema. Nitamwomba awaite kwa majina, mmoja mmoja, nami nitakaa na simu sikioni mpaka niwasikie wote kumi na mmoja wakiitika.