Tata Apanda Himalaya Kumpa Mjukuu Jina

Jumatatu, 13 Oktoba. Kathmandu
Tumezunguka stupa, mnara wa ibada wa Wabudha, tena asubuhi, kabla ya chai. Kuba nyeupe, kubwa kuliko kanisa letu la Kamachumu, na juu yake macho yaliyochorwa yanakutazama popote uendapo. Akina bibi wanatembea wakihesabu shanga, wakinong'ona sala. Tata, baba yangu, ametoa rozari yake akaungana nao. Hakuna aliyemshangaa. Nampenda sana akiwa hivi.

Jumatano, 15 Oktoba. Phakding
Ndege ndogo. Uwanja umening'inia mlimani. Niliogopa kufa.
Sasa tunatembea na shemeji Tenzin, mume wa mdogo wangu Jovitha. Jovitha yuko juu kwa wakwe zake na mtoto mchanga. Tata atampa jina mbele ya watawa wa Kibudha wa monasteri ya Tengboche. Ndicho kilichomtoa kwenye kibanja chake cha migomba na kahawa, si kingine.
Njiani kuna mawe makubwa yaliyochongwa sala. Unayapita yakiwa kuliani kwako, kwa heshima. Nafundisha jiografia shuleni Ijuganyondo, kwetu, na Himalaya huwa naichora ubaoni kama meno ya msumeno. Aibu tupu.

Ijumaa, 17 Oktoba. Namche
Jua likizama, theluji ya vileleni ikageuka nyekundu. Nililia tu.
Tata hakula. Kichwa kinamuuma. Anasema ni uchovu.

Jumamosi, 18 Oktoba
Tata ametapika. Aliposimama akayumba kama mlevi. Tenzin anasema huu ni ugonjwa wa mwinuko, dawa yake ni kushuka, sasa hivi. Tengboche imebaki safari ya siku moja.
Tata akakataa. "Nimetoka Kamachumu kumpa mjukuu jina, Koku. Nirudi nalo mfukoni?"
"Ukifa hapa, Tata, nani atampa jina hilo?"
Sikujua ningesema hivyo. Akavaa viatu. Tumeshuka, Tenzin akimshika kiuno. Njia nzima hakunitazama. Nimemnyima alichokitaka kuliko vyote. Ningefanya tena.

Jumapili, 19 Oktoba. Phakding
Amekunywa uji wote. Kichwa kimepoa. Bado hanitazami. Tenzin amepanda alfajiri kuwapa habari, kwao simu haishiki. Mawingu. Nina hofu na nina hasira, sijui kwa nani.

Jumanne, 21 Oktoba
Wameshuka! Jovitha na mtoto mgongoni, Tenzin, na nyuma yao mtawa mzee mwenye fimbo, mdogo wake babu yake Tenzin. Ametelemka milima yote hiyo kwa ajili ya mkulima wa kahawa asiyemjua.
Tata akampokea kwa mikono miwili, akampa kahawa yetu ya kutafuna. Mtawa akatafuna, akakunja uso, akaomba nyingine. Tulicheka sote. Kisha akasoma sala kwa sauti nzito ya kifuani, akamfunga mtoto uzi mwekundu. Tata akampakata.
"Kemilembe," akasema. Wa amani.
Mtawa akajaribu kulitamka, akakosea, akarudia mpaka likamkaa mdomoni. Sijaona unyenyekevu kama ule.
Baadaye Tata akanishika bega. "Wakola, mwanangu." Asante. Basi.

Jumatano, 22 Oktoba
Mawingu yamefunguka. Mtawa ameondoka mapema. Tata amekaa juani na Kemilembe kifuani, wote wawili wamesinzia. Nafua nepi. Maji yana baridi ya kuuma mifupa. Sina haraka.