Gitaa Lililonizidi Kifua

Nyumba ya fundi cherehani,
Nyuma ya duka la magodoro.
Jumanne, 9 Juni.

Mpendwa mjukuu wangu Miguu Mirefu,

Miaka mitatu! Miguu yote hiyo Mungu amekupa, na kufika kwa bibi yako huwezi? Hujambo lakini? Kile kikohozi kimepona? Unakula? Mimi mzima, ila goti limenuna. Anayeandika ni mama yako mdogo, maana shule mimi niliiona kwa nje. Nimemwonya asipunguze ukali hata chembe.

Gitaa ulilonunua kwa simu limefika. Ahsante, na umenikera. Gitaa la babu yako, lile mjomba wako mnene alilolikalia likavunjika, lilikuwa dogo, kiuno chembamba. Wewe umeniletea kabati! Mimi nina kifua changu, nalo lina chake. Nani amkumbatie nani? Nikipitisha mkono juu yake, bega linapanda hadi sikioni.

Nikachukua tepu yangu ya kupimia, nikalirudisha duka ulikolinunua. Muuzaji akasema, "Bibi, kubwa ndilo lenye sauti."

"Baba, nataka kupiga gitaa, siitishi mkutano."

Nikayapima magitaa yote bega, kiuno na nyonga, kama wateja wa magauni. Hilo lako ni pana juu mpaka chini, linanguruma hadi nyuzi nyembamba hazisikiki. Lipo lililokatwa bega moja, ili vidole vifike mwisho wa shingo; mimi huko siendi. Lakini dogo la kiuno cha kubana lilinikaa pajani kama mtoto, na kila uzi ukajisemea lake.

Nikabadilishiwa? Thubutu! Eti risiti ina jina lako, aliyenunua aje mwenyewe. Nimefoka, wapi! Ataniwekea lile dogo hadi mwisho wa mwezi, basi.

Mjukuu wangu, wimbo aliotunga babu yako tulipooana umebaki kwenye vidole vyangu tu. Naupiga juu ya meza ya kukatia nguo, na kipande cha mwisho kilishanitoroka. Pale dukani kilirudi. Nilipoliachia lile gitaa, kikabaki nalo.

Msalimie mkeo na huyo mtoto wenu wa mashavu. Mjomba anakusalimu, siku hizi anatazama kiti kabla ya kukaa. Mungu akulinde, na akuharakishe.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye hata nikiwa nimekasirika.

Nyongeza: Njoo na risiti. Na kabla ya kupanda gari, kata kucha za mkono wa kushoto. Nyuzi hazibanwi kwa kucha, na wimbo huu sitaufundisha mara mbili.