Nyumba Isiyo na Chumvi

Jumatatu, 2 Juni 2025
Mimi nina bahati, acha niandike. Wazee wa rika langu hapa Kilema wanashika kiuno wakiinuka kanisani — mimi nainuka kama nimeitwa kula. Na mke wangu Theodora, ambaye presha ilimwangusha mwezi wa pili, anarudi ujanani kwa mkono wangu. Nimemkataza kushika sufuria. Napika mwenyewe. Nimeendesha lori mpaka Lubumbashi na Durban, nimejipikia porini, nishindwe na ndizi? Daktari alisema chumvi basi. Nikawapa ng'ombe yote. Humu ndani chumvi hakuna hata ya kuapia.

Leo wamekuja watu wa utafiti, wakachukua damu na mkojo wetu. Wanapima madini tunayokula, na chembe za mwili wa mzee zinachakaa kwa kasi gani. Nikamwambia yule binti wao, Evelyn: zangu ukizikuta zinacheza dansi usishangae. Akacheka. Theodora hakucheka, miguu inamuuma.

Ijumaa, 6 Juni
Kiburu leo kimelainika, ndizi na maharage vimekuwa kitu kimoja. Jirani Basili kachungulia jikoni: siku hizi wewe ndiye mama Denis? Nikamwambia mama Denis amelala anahudumiwa, wako yupo migombani anakata majani ya ng'ombe na wewe unazurura, sasa mwanamume nani. Kaondoka na bakuli limejaa.

Theodora kala yote. Ila miguu imevimba. Nikibonyeza, kidole kinaacha shimo. Dawa anameza, chumvi hakuna. Sasa hiki ni nini?

Jumatano, 18 Juni
Evelyn karudi. Shikamoo babu, marahaba, halafu uso ukabadilika. Sodiamu kwenye mkojo wa bibi iko juu sana, na presha haijashuka. Bibi anapata wapi chumvi? Nikamfungulia kabati. Nikamwonyesha mpaka chini ya kitanda. Naitwa mwongo nyumbani kwangu!

Kaomba aone chakula chenyewe. Nikamfunulia sufuria kwa maringo. Yeye macho yakaenda kwenye rafu, kwenye lile bonge la magadi la sokoni.

"Na hii je, babu?"

Magadi, nikasema. Ya kulainishia. Kiburu bila magadi ni kiburu gani?

Kasema sodiamu imejaa humo humo. Mishipa ya mtu mzima ikikaa kwenye sodiamu nyingi, chembe zake zinazeeka kabla ya wakati, na figo nazo zinachoka. Kauliza natia kila siku? Kila siku. Na nilikuwa naongeza, maana Theodora alilalamika chakula kimepooza.

Nina hasira. Hospitali walisema chumvi, kwa nini hawakusema magadi? Nani huku kwetu anaita magadi chumvi? Na mimi niliyevuka mipaka yote ile, nikibishana na askari kwa lugha nisizozijua, mbona sikuuliza swali moja?

Ijumaa, 20 Juni
Nimepika bila magadi. Maharage kama kokoto. Theodora kaonja kijiko kimoja, kasukuma bakuli.

"Baba Denis, kama umechoka kuniuguza, sema."

Nikamweleza. Kasema amekula magadi tangu hana meno, leo ndiyo yamuue? Nikatania kwamba meno yenyewe yameanza kung'oka tena. Kageukia ukutani.

Jumapili, 22 Juni
Hajala tangu jana mchana. Evelyn kwenye simu anasema dawa asimeze na tumbo tupu, na magadi asiguse. Sawa, binti, njoo umlishe wewe.

Anaita kutoka chumbani: weka kidogo tu, nitakula. Ndizi zinachemka. Lile bonge nilishalitupa kwenye samadi. Nimekwenda kulifukua, nimelisuuza, ninalo mkononi.

Anaita tena.

Niliandika nina bahati, mke wangu anarudi ujanani. Uongo. Mwezi wa tatu, kabla sijashika jiko, alikuwa anatembea mwenyewe mpaka kanisani. Sasa hafiki mlangoni.