Shawa Mpya ya Baba

Kajaani, Jumapili mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute ukiwa mzima, na goti lako liwe limepata nafuu tangu uteleze kwenye barafu. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu kidogo; ndivyo alivyosema niandike, kidogo. Theluji ya uani inayeyuka, na paka anashinda dirishani akiwatukana ndege.

Shuleni naendelea vizuri. Mwalimu wa historia amenisifu kwa insha yangu, ingawa amesema ilikuwa ndefu mno.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Juzi ulipopiga simu, Mama alikuwa anakaanga samaki, akaiweka simu kwenye spika, nami nikasikia. Ulimwambia kwamba Selja amekua, hana haja na baba yake tena, na kwamba labda utaikubali ile kazi ya Norwei, maana wikiendi zako zimekuwa tupu. Mama akakuuliza kama umewahi kuniuliza mimi mwenyewe. Ukasema mtoto halazimishwi. Baba, chakula cha siku ile kilinishinda.

Unakumbuka Novemba, nilipofika kwako Oulu, ukanifunga macho kwa taulo na kunipeleka bafuni? Ulikuwa umefunga shawa mpya, pana kama sinia. Ukasema, “Haya binti mfalme, mvua ya kiangazi hiyo, oga mpaka uchoke!” Ukaniambia pia kwamba zamu yetu ya Jumamosi kwenye sauna ya jengo, kile chumba cha mvuke tulikozoea kuoga kwa ndoo, umewaachia majirani wenye mtoto mchanga, kwa kuwa hatuihitaji tena. Ulikuwa na furaha sana. Nikasema asante.

Unajua kwamba nina usonji, lakini nadhani sijawahi kukueleza maji yanavyokuwa kwangu. Maji ya shawa hunichoma, kila tone peke yake, na kelele zake kwenye vigae hujaa kichwani mpaka sijui mikono yangu iko wapi. Kwako nilijaribu kila mara. Nilitoka na sabuni kwenye nywele, au nilitoka mkavu.

Jumatatu moja, baada ya wikiendi kwako, rafiki yangu wa darasani Minttu alinivuta pembeni akaniambia, “Shoga yangu, usinikasirikie, lakini kichwa chako leo kinanuka kama kofia ya baba yangu anayovulia samaki.” Nikamuuliza samaki gani. Akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitaka tu kujua. Wengine darasani walisogeza tu viti vyao. Hilo liliniuma zaidi.

Muuguzi wa shule, Bi Raija, aliniita. Nilidhani ataniuliza kwa nini siogi vizuri. Badala yake aliniuliza ni wapi ninapooga bila shida. Nikamwambia ni sauna ya hapa nyumbani, nikikaa benchi la chini na ndoo yangu na kata, kwa sababu najimwagia mwenyewe na najua maji yatanifikia lini. Akasema basi huko ndiko kuoga, wala hakuna sheria kwamba maji lazima yatoke darini.

Kwa hiyo Baba, yale maumivu ya tumbo niliyosingizia ili nisije kwako hayakuwepo, wala ule mtihani wa hesabu. Sikukuchoka wewe hata siku moja. Niliikimbia shawa. Nilishindwa kukwambia kwa sababu uliifunga mwenyewe, kwa ajili yangu, na nilikusikia ukipiga mluzi kila ulipopita karibu nayo.

Usiing'oe, wewe unaipenda. Waulize tu majirani kama watatugawia sehemu ya zamu yao. Ikiwa mtoto anaihitaji yote, ndoo kwenye sakafu ya bafu itanitosha, ukifunga maji ya shawa mpaka nimalize.

Mama ameshakubali. Nitafika kwa treni ya Ijumaa jioni, na naomba usiwajibu watu wa Norwei kabla hatujaonana.

Msalimie mzee wa ghorofa ya chini na mbwa wake. Minttu naye anakusalimu, na anasema samaki mwenyewe ni sangara.

Kata nitakuja nayo mimi. Ndoo naomba uwe nayo wewe.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Selja