Kamera Niliyoifunga Mwenyewe

Shosti shosti shosti. Baba kaniona. KANIONA!

Si unajua alivyonikataza pikipiki ya kaka, ile ya kurukia matuta? Mwaka mzima namwangalia tu kaka anavyoendesha. Leo asubuhi nikaichukua. Kaka kasema, "Nenda, baba akiona video nitamwambia ni mimi."

Nikaifunga ile kamera ndogo ya kaka juu ya helmeti, nikakaza mkanda. Ikikaa kichwani uso hauonekani, si ndiyo?

Mchana baba katoka gereji, kaingia sebuleni, grisi mikononi, anatazama ile video kwenye simu ya kaka. Basi anamsifu kaka! "Leo umeiva, kijana wangu! Tazama kona hiyo!" Kaka anajikuna kisogo. Mimi nakunja nguo kama sipo.

Sasa mwisho wa video. Nilivua helmeti nikaiweka juu ya tangi, na kamera sijaizima. Inanitazama! Mimi huyo, vumbi mpaka kwenye nyusi, meno yote nje, napiga kelele, "Laiti baba angeniona!"

Na baba ndiye huyo ananiona!

Mama akakohoa.

Baba akarudisha video mpaka kwenye ile kona. Akaitazama mara mbili. Halafu, hata kunigeukia hakunigeukia: "Kichwani inatikisika. Kesho ifunge kifuani, nione unavyoshika breki."

Kesho, shosti. Kasema KESHO! Hili shati nimelikunja mara nne na bado limekaa kama kitambaa cha deki.